Moyo wa Kazi Saiti: Kumbukumbu za Kilosa na Mikumi

Mfanyakazi wa ujenzi asiyeridhika ana njia mbili za kuondoka. Ya kwanza inaonekana: asubuhi haji, koleo lake linabaki stoo, na nyapara anakwenda kuchagua mwingine miongoni mwa wanaosubiri getini. Ya pili haimo kwenye daftari la mahudhurio. Mtu amefika, ameitika jina, amevaa buti, lakini toroli lililokuwa likijaa sasa linakwenda nusu, na zege lililopaswa kumwagwa saa sita linamwagwa saa tisa. Huo ndio mgomo baridi. Unamla mkandarasi kuliko mgomo wa wazi, kwa sababu hauna siku ulipoanza wala kiongozi wa kukaa naye mezani.

Suala la moyo wa wafanyakazi lilirudi midomoni mwa watu Oktoba 2025, Serikali ilipotangaza kima cha chini kipya cha mshahara kwa sekta binafsi, kinachotumika tangu Januari 1, 2026. Kwa wastani kiwango kilipanda kutoka shilingi 275,060 hadi shilingi 358,322 kwa mwezi. Amri iliyotangulia ilianza kutumika Januari 2023. Kabla ya hapo sekta ilikuwa ikiishi kwa amri ya 2013, iliyompangia mfanyakazi wa mkandarasi wa daraja la kwanza shilingi 325,000 na wa madaraja ya mwisho shilingi 250,000. Na mwaka hata mwaka saruji ilipanda bei, unga ukapanda, kiwango kikabaki palepale. Nyongeza ilistahili, na ilichelewa. Ila mazungumzo yaliyofuata yalikwenda kana kwamba kiasi kikishapanda moyo nao utapanda. Mwandishi wa makala haya, aliyewahi kushika daftari la mahudhurio katika saiti kadhaa kati ya Kilosa na Mikumi, ana kumbukumbu zinazosema jambo jingine. Kilichowavunja watu moyo katika saiti zile hakikuwa udogo wa fedha peke yake. Mara nyingi kilikuwa kutojua: siku ya malipo ni lini, kazi ya leo inaishia wapi, nani atabaki Jumatatu, na kama neno la kibarua lina mahali pa kupokelewa.

Wilaya ya Kilosa ni mahali pazuri pa kujifunzia hayo, kwa kuwa haijakaa muda mrefu bila ujenzi mkubwa. Reli ya kati waliyoijenga Wajerumani, iliyofika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914, ilipita Kilosa na kulifuata bonde la mto Mkondoa kupanda kuelekea Dodoma. Baadaye tawi lilishushwa kusini kupitia Mikumi hadi Kidatu. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inakata katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa 1964. Upande wa kusini ikaja TAZARA, likaja na bwawa la umeme la Kidatu. Miaka ya karibuni reli ya kisasa, kipande cha Morogoro hadi Makutupora chenye kilomita 422 pamoja na njia za kupishania, ikatoboa milima ya Kilosa kwa mahandaki. Kila kazi ilikuja na kambi yake, na kila kambi iliondoka ikiacha mafundi kadhaa wapya na hadithi nyingi za malipo.

Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010, Mkondoa ulivunja kingo, ukafunika sehemu za mji wa Kilosa na kusomba reli kati ya Kilosa na Gulwe. Maelfu ya watu walihamia kwenye mahema. Katika kazi ndogo ndogo zilizofuata, za kurudisha barabara za vijijini, mifereji na makalavati, mwandishi alipata ajira yake ya kwanza ya ujenzi, ukarani wa mahudhurio kwa mkandarasi mmoja mdogo. Aliita majina alfajiri, akayaita tena jioni, na mwisho wa wiki akajumlisha siku za kila mtu.

Saiti ile ilianza na ari ambayo hakuna aliyeinunua. Vibarua wengi walikuwa wenyewe wamefikwa na mafuriko, na kalavati walilojenga lilikuwa njia ya watoto wao kwenda shule. Walifika kabla ya fomeni. Malipo yaliahidiwa kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi. Jumamosi ya ahadi ikafika, mhasibu akasema hundi iko njiani. Ikafika nyingine, hundi bado iko njiani. Chini ya mwembe jirani alipika mama ntilie mmoja aliyekopesha kwa daftari, na daftari lake lilisema ukweli wa saiti kuliko ripoti yoyote ya maendeleo ya mradi. Kwanza aliacha kupika nyama. Halafu akakopesha wenyeji tu, waliojulikana nyumba zao. Waliotoka Dumila na Gairo wakawa wanashinda na chai. Mwisho naye hakuja, kwa sababu muuza mchele wa sokoni alikuwa anamdai. Tangu siku hiyo kazi ya mchana ilikufa, ingawa katika daftari la mahudhurio kila mtu alikuwepo.

Malipo yalikuja, tena kamili. Hakuna aliyepunjwa hata shilingi. Kasi ya mwanzo haikurudi. Kiasi kilikuwa kilekile kilichoahidiwa na kazi ilikuwa ileile, lakini watu walikuwa wamejifunza kwamba Jumamosi ya mkandarasi si Jumamosi ya kalenda, nao wakajipanga kwa elimu hiyo: huyu akaenda kufyatua matofali siku mbili kwa wiki, yule akarudi shambani, wa tatu akawa anakuja ili jina lisifutwe. Uhakika uliopotea hulipiwa kwa muda mrefu, na hakuna fungu la kuulipia kwenye jedwali la gharama za mradi.

Vitabu vya uongozi hupenda kumtaja Frederick Herzberg, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye katika utafiti uliochapishwa 1959 alitenganisha mambo yanayomzuia mtu kuchukia kazi, kama mshahara na mazingira, na mambo yanayomfanya aipende, kama mafanikio, kutambuliwa na kupewa wajibu. Mafunzo mengi ya wasimamizi yameligeuza wazo hilo kuwa ruhusa ya kuzungumzia kutambuliwa na kuruka mshahara. Husahauliwa kwamba watu aliowahoji Herzberg walikuwa wahandisi na wahasibu wa Pittsburgh, ambao hawakuwa na shaka kuhusu siku ya malipo. Kibarua wa Kilosa anaanzia ngazi ya chini ya ile ya kwanza. Ukimpa cheti cha mfanyakazi bora wakati mama ntilie amemfungia daftari, atakipokea kwa heshima na kukiacha stoo.

Yapo mabadiliko ambayo hayakuongeza mshahara lakini yaliongeza kazi. Malipo kwa simu ni mojawapo. Zamani fedha zilifika kwa mfuko, zikapita mkononi mwa nyapara, naye hakuzipitisha bure; kila kundi lilijua cha juu chake ni kiasi gani. M-Pesa ilipoingia nchini 2008, na mitandao mingine ikafuata, baadhi ya makandarasi walianza kumtumia kila mtu fedha kwenye simu yake. Nyapara alibaki na kazi ya kugawa makoleo, ambayo ndiyo hasa aliyoajiriwa. Tatizo dogo likabaki upande mwingine: mtu wa ujira wa siku anatumiwa kiasi kamili, anafika kwa wakala, makato yanachukua chai ya kesho. Tozo za miamala zilipoanza Julai 2021, lawama hizo zilikuwa kubwa. Mkandarasi mmoja wa Mikumi alijibu kwa kutuma na ya kutolea. Kwa gharama hiyo isiyofikia bei ya mfuko mmoja wa saruji kwa wiki alipata sifa ambayo washindani wake wenye magari mapya hawakuipata, na vibarua walikuwa wakivuka saiti mbili kwenda kwake.

Baada ya siku ya malipo linakuja swali la kipimo, na hapa Kilosa ina kumbukumbu ndefu. Mashamba ya katani ya Kimamba na Rudewa yaliendeshwa kwa kipande. Enzi za ukoloni kibarua alipewa kadi yenye nafasi za siku 30. Kila alipomaliza kazi aliyopimiwa siku hiyo kadi iliwekwa alama, na mshahara ulilipwa kadi ilipojaa, sio mwezi ulipoisha. Asiyemaliza kipimo hakupata alama. Mfumo ule ulikuwa na ukatili wake, na babu waliokata mkonge hawausimulii kwa mapenzi. Hata hivyo wajukuu wao, wakifika saiti ya kuchimba msingi, huomba kipande badala ya siku.

Mwandishi alilishuhudia hilo Desemba moja, mvua za kwanza zilipoanza. Saiti ilikuwa ya mfereji wa maji kandokando ya barabara karibu na Rudewa, na nusu ya vibarua walitoweka wiki moja. Msimamizi, mgeni aliyetoka mjini, aliandika makao makuu kuwa watu wa eneo hili ni wavivu. Watu walikuwa shambani, wakipanda mahindi, kwa jembe la mkono, kuanzia alfajiri hadi jua kali. Hakuna uvivu wa namna hiyo. Shamba ndiyo bima ya kibarua. Mradi utakwisha, mahindi yataliwa hadi msimu mwingine. Fomeni mzee aliyejua hayo aliomba mfereji ukatwe vipande, kila mtu apimiwe urefu wake kwa kamba na vigingi, alipwe ujira wa siku akimaliza, saa yoyote. Waliokuwa wametoweka walirudi. Walianza saa kumi na moja alfajiri kwa mwanga wa simu, saa nne na nusu wakawa wamemaliza, wakaenda mashambani. Mfereji ulitangulia ratiba.

Kipande hakifai kila mahali. Kwenye kufunga nondo na kumwaga zege haraka huzaa ubovu unaofichwa ndani ya nguzo, na huko ujira wa siku pamoja na usimamizi wa karibu ni salama zaidi. Ila hata kwa kazi ya siku mtu anataka kujua mwisho wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka saa 45 kwa wiki na saa tisa kwa siku. Ziada hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida, tena isizidi saa 50 katika wiki nne. Saiti nyingi zina sheria nyingine yenye maneno mawili, zege halilali. Kitaalamu ni kweli: slabu iliyoanza kumwagwa haikatizwi katikati. Lakini katika ujenzi wa nyumba za watumishi huko Mikumi msemo huo ulikuwa ukitolewa hata siku za kupanga matofali. Watu walibaki hadi usiku kwa taa za gari, na ziada haikuandikwa. Siku ya slabu halisi ilipofika, wale mafundi waliohitajika zaidi walikuwa na misiba. Misiba mingi, siku moja, mji mmoja. Zege lilimwagwa na watu wachache, likaacha ungo wa vitobo upande mmoja, na mhandisi mshauri akaamuru livunjwe. Yule aliyekataa kulipa ziada ya jioni chache alilipa kuvunja, kokoto mpya na saruji mpya.

Usalama nao umo humuhumu kwenye suala la moyo, japo huwekwa kwenye sura yake peke yake kana kwamba ni suala la kofia na buti. Barabara kuu hupita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Kundi moja la vibarua lilipelekwa huko kuzibua mifereji na kujenga vizuizi vya maji. Lori liliwashusha asubuhi, wakaahidiwa kwamba litawachukua jioni. Siku moja lilichelewa hadi jua likazama, na watu wakabaki wamekusanyika juu ya lami, tembo wakivuka mbele yao na malori ya Zambia yakipiga honi nyuma. Hakuna aliyeumia. Kesho yake saa tisa alasiri, bila kuambizana kwa sauti, kila mtu aliweka koleo chini na kuanza kuangalia barabara. Fomeni aliwaita waoga, akatishia kukata siku. Mkandarasi alikuwa na busara zaidi: aliagiza lori libaki palepale saiti kutwa nzima, dereva akiwa ndani. Siku ya kazi ikarudi kuwa ndefu kwa saa mbili, kwa gharama ya dereva aliyekuwa akilipwa hata hivyo.

Vifaa vya kujikinga ni wajibu wa mwajiri chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, na fidia ya anayeumia iko chini ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya 2008 na kuanza kupokea michango ya waajiri 2015. Vibarua wengi wa Kilosa hawajui kuwa mchango huo hulipwa na mwajiri peke yake, na kwamba haukatwi kwenye ujira wao. Ilitokea buti zikakatwa kwenye ujira, kisha zikachukuliwa tena mradi ulipoisha. Kwa fedha ni jambo dogo. Kwa heshima lilikuwa kubwa kiasi kwamba lilisimuliwa vijiweni mwaka mzima, na jina la mkandarasi likapewa utani usioandikika.

Wanawake wa saiti hutajwa mwisho katika maandishi mengi, na hapa pia wamechelewa. Huko Mikumi walibeba maji ya kuchanganyia zege na kusogeza kokoto, na ujira wao wa siku ulikuwa chini ya wa wanaume kwa maelezo kwamba kazi yao ni nyepesi. Mhandisi kijana alibadilisha hesabu: maji yalipwe kwa pipa, yeyote atakayejaza. Wanaume kadhaa walijaribu na kurudi kwenye makoleo. Wanawake walipita ujira wa zamani wa wanaume, na swali la kazi nyepesi halikuulizwa tena.

Kushirikishwa ni jambo linalosemwa sana na kufanywa kidogo. Kwenye barabara ya Kilosa kwenda Mikumi, upande wa eneo linaloitwa Ulaya (vibarua hawachoki kutania kwamba wanakwenda Ulaya kwa baiskeli), upimaji wa makalavati ulifanyika kiangazi. Kibarua mmoja mwenye umri, mkulima wa mpunga, alimwambia fomeni kuwa maji ya masika hayapiti kwenye korongo linaloonekana Agosti. Hupanda juu yake na kukata kona hatua kadhaa mbele. Akajibiwa kuwa ameajiriwa kubeba mawe. Mzee akabeba mawe. Masika yakakata barabara pale alipoonyesha, kalavati likabaki kavu pembeni. Hasara ya barabara ilionekana na kila mtu. Hasara nyingine haikuonekana: tangu siku ile hakuna kibarua aliyetoa taarifa ya kitu chochote. Ufa ukitokea, mbao za boksi zikilegea, pampu ikianza kunguruma vibaya, watu waliangalia pembeni. Walishaambiwa wameajiriwa kufanya nini.

Tanzania imewahi kujaribu kuliweka jambo hili katika mfumo. Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970 ulianzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, na Mwongozo wa TANU wa 1971 ukakemea viongozi wenye kiburi na ubabe. Miaka iliyofuata wafanyakazi wa viwanda kadhaa waliutumia kuwadai mameneja wao heshima. Viwandani hilo liliwezekana kwa sababu watu walikaa pamoja miaka. Saiti ni watu wa miezi, wanaobadilika kila hatua, wachimbaji wa msingi wakiondoka waezekaji wakiingia. Baraza la kudumu halishiki hapo. Kilichoshika, katika saiti moja ya Mikumi ambayo mwandishi anaikumbuka kwa wema, kilikuwa kikao cha asubuhi, kifupi, watu wakiwa wamesimama. Mhandisi aliuliza swali moja tu: jana kipi kilitusumbua? Mwanzoni walinyamaza. Kisha kijana mmoja akasema mashine ya kuchanganya zege iko mbali na mchanga, watu wanachoka njiani. Ikasogezwa siku hiyohiyo, mbele ya macho ya wote. Kuanzia hapo mhandisi hakupata shida ya kusikia mambo. Shida ikawa kikao kuzidi muda. Kasi ya kutekeleza pendekezo la kwanza ndiyo iliyofungua midomo, na anayeuliza maswali asiyokusudia kuyafanyia kazi ni afadhali asiulize.

Linabaki jambo lenye nguvu kuliko yote kwa vijana, yaani ujuzi. Saidia fundi hubeba ndoo kwa matumaini kwamba ipo siku atashika mwiko. Ujenzi wa TAZARA, kati ya 1970 na 1975, unasimuliwa hadi leo kusini mwa Mikumi, Kidatu na Mang'ula, na wazee waliofanya kazi hiyo hawakwepi kusimulia ugumu wake: milima, mvua, chakula, nidhamu kali. Lakini kwenye simulizi zao linajirudia jambo moja, kwamba Mchina alifundisha kwa kushika kifaa mwenyewe na kumwachia kijana akishike. Walioingia wakiwa vijana wa kijiji walitoka wakiwa waendesha mitambo na mafundi wa reli, na ujuzi huo uliwalisha miaka mingi baada ya kambi kuvunjwa.

Kinyume chake kimeonekana mara nyingi. Mkandarasi huja na mafundi wake wa mbali, wenyeji wakapewa makoleo, na fundi mgeni akafunga nondo akiwa amewapa mgongo ili wasijifunze. Fundi huyo ana sababu zake: anayemfundisha leo atamshusha bei kesho. Njia iliyofanya kazi ilikuwa kumlipa fundi nyongeza ndogo kwa kila saidia fundi atakayefaulu kujenga ukuta wa majaribio mbele ya msimamizi. Mgongo uligeuka. Na ujuzi uliopatikana hivyo unaweza sasa kupata karatasi: VETA, ambayo ina chuo chake Mikumi, huwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini bila kupita darasani. Mkandarasi anayewapeleka vijana wake kupimwa hupata watu wanaobaki hadi mwisho wa mradi, ingawa sababu ya wao kubaki ni cheti, yeye anapita tu. Wengine husema kumpa kibarua cheti ni kumfungulia mlango wa kuondoka. Huku Kilosa asiye na cheti ndiye huondoka kwanza, kwa sababu hana cha kusubiri.

Fedha za UVIKO-19 zilipoleta ujenzi wa madarasa 15,000 nchini kuanzia mwishoni mwa 2021, kazi nyingi zilifanywa kwa fosi akaunti: kamati ya kijiji inanunua vifaa, fundi wa mahali anajenga kwa mkataba wa ufundi. Mwandishi alifuatilia madarasa katika vijiji viwili vya Kilosa. Katika cha kwanza mkutano wa kijiji ulisomewa bei ya kila kitu, na malipo ya fundi yalibandikwa kwenye mbao za matangazo: kiasi gani msingi ukiisha, kiasi gani linta, kiasi gani paa. Wananchi walileta mchanga na mawe kwa zamu bila kusukumwa, na watoto wa fundi waliringa shuleni. Katika cha pili mambo yalijulikana na watu watatu. Mchanga wa nguvu za wananchi uliletwa mara moja, kisha ukaanza uvumi kwamba mifuko ya saruji inalala kwa mtu, ambao huenda haukuwa kweli. Fundi, aliyekuwa hodari, alimaliza darasa akiwa peke yake na wanawe. Bajeti ilikuwa moja kwa vijiji vyote viwili.

Si haki kuwatupia makandarasi mzigo wote. Mkandarasi mdogo hulipwa kwa hati ya malipo baada ya kazi kupimwa, na hati hukaa mezani kwa mteja wiki, wakati mwingine miezi, huku benki ikihesabu riba na vibarua wakihesabu siku. Mkandarasi wa saiti ile ya mafuriko hakuwa mwongo. Alikuwa anasubiri kama walivyosubiri watu wake. Tofauti ni kwamba yeye alijua anasubiri nini. Waliofanya vizuri miongoni mwa wenzake waliweka kando fedha za ujira wa mwezi mmoja kabla ya kukodi mtambo wa kwanza, na walioshindwa kuziweka walisimama mbele ya watu na kusema tarehe wanayoitegemea na sababu ya kuchelewa. Vibarua walivumilia tarehe iliyosogezwa kwa maelezo kuliko hundi iliyo njiani.

Amri ya mishahara iliyoanza kutumika 2026 imetaja kiasi. Kipimo cha kazi na siku ya kulipwa vinabaki kwenye makubaliano ya saiti, na hayo yanaweza kuandikwa kwenye karatasi moja kabla koleo la kwanza halijaingia ardhini. Kibarua wa Kilosa au Mikumi anayeanza kazi msimu huu aiombe karatasi hiyo, na aitunze pamoja na nakala ya siku alizofanya. Akidhulumiwa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea mgogoro wa malipo ndani ya siku 60 tangu ulipotokea, na wa kuachishwa kazi ndani ya siku 30.